Mchanga, Kitambaa na Mashine: Ni Kipi Kinachoharibu Rangi ya Gari?

Kutoka mjini Tabora hadi Kwihara ni mwendo wa kilomita chache tu kuelekea kusini-magharibi, lakini katika miezi ya kiangazi mwendo huo watosha kuligeuza gari jeusi likawa na rangi ya udongo. Mgeni hufika mbele ya tembe ambamo Stanley alikaa mwaka 1871, na ambamo yeye na Dk. Livingstone walifikia pamoja Februari 1872 walipotoka Ujiji. Siku hizi tembe hilo ni nyumba ya makumbusho. Mgeni akiingia ndani kutazama, dereva aliyebaki nje huinua kiti, akatoa kitambaa kikavu, akaanza kulifuta gari kuanzia boneti hadi nyuma. Kila apitaye humwona kuwa ni mtu mwangalifu, anayekitunza chombo alichokabidhiwa.

Dereva huyo huyo akiambiwa kwamba katika nchi nyingine magari huoshwa na mashine, yakapita katikati ya brashi kubwa zinazozunguka, hutikisa kichwa. Atasema kwamba mashine haina huruma, na kwamba rangi itachubuka. Wenye magari wengi husema hivyo, na wapo walimu wa sayansi miongoni mwao. Hofu hiyo haikuzuka bure, lakini imeelekezwa mahali pasipostahili. Kwa gari la Kwihara, kitambaa kikavu mkononi mwa dereva mwaminifu ni cha hatari kuliko mashine nyingi zinazoogopwa, na sababu yake imo katika somo la jiolojia.

Yafaa kwanza kufahamu kile kinachosemekana kuchubuka. Rangi ya gari la siku hizi si koti moja. Bamba la chuma husafishwa, likapakwa dawa ya fosfeti, kisha bodi nzima huzamishwa katika birika la rangi na kupitishiwa umeme, ili rangi hiyo ya kuzuia kutu ishike hata ndani ya pembe ambazo brashi ya fundi isingefika. Unene wa koti hilo ni kama mikromita 20. Juu yake huja praima, mikromita 30 au 40. Halafu hupakwa rangi yenyewe, ile inayoonekana kwa macho kuwa nyekundu au buluu, nayo ni nyembamba ajabu: mikromita 15 hivi. Mwisho kabisa huja vanishi angavu isiyo na rangi, yenye unene wa mikromita 40 hadi 50. Vanishi hiyo ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopokea jua, mvua, kinyesi cha ndege na mkono wa mwosha gari. Makoti yote pamoja hayafiki mbali na mikromita 120. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100, basi mwanafunzi na akadirie mwenyewe jinsi hazina hiyo ilivyo ndogo.

Magari ya zamani, yaliyotengenezwa kabla ya vanishi angavu kuenea katika miaka ya 1980, mengi yalikuwa na rangi ya aina moja kutoka juu hadi kwenye praima. Ukiyasugua, kitambaa kilitoka kimechafuka kwa rangi ya gari. Pengine hapo ndipo ilipozaliwa imani ya wazee wengi kwamba kila msuguo wa nguvu huondoa rangi. Walichokiona kilikuwa kweli. Kwa gari la leo, kitu kinachoondoka kwanza hakina rangi, kwa hiyo kitambaa hakitoi ushahidi wowote, na mwenye gari hujiona salama wakati hayuko salama.

Sasa lije vumbi. Sehemu kubwa ya nchi ya Unyamwezi imekaa juu ya miamba ya kale ya graniti, ile inayojitokeza hapa na pale kama vilima vya mawe yaliyorundikana. Graniti ni mchanganyiko wa madini, hasa feldispa, ulanga na kwatsi. Jua na mvua vikiifanyia kazi kwa maelfu na maelfu ya miaka, feldispa hugeuka udongo wa mfinyanzi, ulanga humeguka vipande vyembamba vinavyometameta, na chuma kilichomo hupata kutu na kuupa udongo wekundu wake. Kwatsi haigeuki. Hubaki kama ilivyokuwa, ikawa ndiyo mchanga. Kwa hiyo vumbi laini la barabara ya Kwihara, ambalo zamani liliwafunika wapagazi wa misafara ya kutoka Bagamoyo na leo huwafunika wapanda pikipiki, ni unga wa udongo uliochanganyika na chembe za kwatsi zenye kingo kali.

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alitunga kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, kuanzia ulanga-unga hafifu unaokwanguliwa kwa ukucha hadi almasi. Kanuni yake ni rahisi: kilicho juu hukikwaruza kilicho chini, wala si kinyume chake. Kwatsi imo katika ngazi ya 7. Kioo cha dirisha kiko kama 5 na nusu. Ukucha uko 2 na nusu. Vanishi ya gari ni polima, jamaa wa plastiki, na hata ikitengenezwa kwa ustadi gani haiwezi kushindana na kwatsi. Uzi wa pamba pia hauna ugumu wa kuikwaruza vanishi hiyo, wala nywele za plastiki za brashi ya mashine hazikaribii ugumu wa kwatsi. Kinachokwaruza ni chembe iliyonaswa katikati, huku kitambaa au brashi ikiisukuma.

Jambo hili lajulikana katika kila nyumba ya Kwihara, ila halijaitwa sayansi. Mama anayetaka kuondoa masizi katika sufuria huchukua mchanga, akausugua kwa dodoki au kwa gunia. Hasugui kwa dodoki peke yake, kwa sababu lajulikana kwamba dodoki peke yake haliondoi kitu. Seremala naye hununua msasa, ambao ni karatasi na chembe ngumu zilizogandishwa juu yake. Dereva anayefuta vumbi kavu kwa kitambaa anatengeneza msasa wake mwenyewe kila asubuhi, bila gharama, na kuutumia kwa bidii.

Mikwaruzo inayotokea ni midogo sana. Mingi ina kina cha mikromita moja au chache, na ukucha ukipita juu yake hausikii kitu. Macho ndiyo yanayoiona, hasa jioni jua linapokuwa upande mmoja, au chini ya taa ya kituo cha mafuta: duara nyingi nyembamba kama utando wa buibui zinazoizunguka sura ya taa. Wenye magari husema duara hizo ni alama za brashi iliyozunguka, na hapo huwa wamekwisha kuihukumu mashine. Hukumu hiyo ina kosa la fizikia. Mikwaruzo imekwenda kila upande. Lakini mkwaruzo hurudisha mwanga kwenye jicho pale tu unapokuwa umekingama mbele ya mwanga huo, kwa hiyo miongoni mwa maelfu ya mikwaruzo jicho huchagua ile tu inayounda duara kuizunguka taa. Mwanafunzi asiyeamini na asogeze kichwa hatua moja: duara zote zitasogea pamoja na sura ya taa. Alama halisi ya brashi isingeweza kutembea. Sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga huonyesha jambo hilo hilo ukiitega juani.

Mashine zenyewe zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika mji wa Detroit, Marekani, mwaka 1914 palifunguliwa mahali pa kuoshea magari kwa mpangilio wa kiwanda, ingawa magari yalisukumwa kwa mikono kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Mashine inayosimama juu ya gari na kwenda mbele na nyuma na brashi zake ilipewa hataza huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1962, kwa majina ya Gebhard Weigele na Johann Sulzberger. Brashi za mwanzo zilikuwa za nywele ngumu za plastiki, na sifa mbaya ya mashine ilianzia huko. Baadaye zikaja tepe za kitambaa, kisha sponji laini zisizonyonya maji, na vilevile mashine zisizogusa gari kabisa, bali hutegemea dawa kali na maji ya kusukumwa kwa nguvu.

Watengenezaji wa rangi walilazimika kuupima ubishi huu, na namna walivyoupima yafundisha kuliko majibu yenyewe. Kiwango cha kimataifa namba ISO 20566, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005, kinaeleza mashine ndogo ya maabara inayoiga uoshaji wa gari. Bamba lililopakwa rangi hupitishwa chini ya brashi ya plastiki inayozunguka, mara 10 kwenda na kurudi, na mng'ao wake hupimwa kabla na baada. Ila maji yanayomiminwa si maji matupu. Katika kila lita hutiwa gramu 1.5 za unga wa kwatsi. Waliobuni kipimo hicho walijua kwamba brashi na maji safi visingetofautisha rangi imara na rangi dhaifu kwa wepesi wa kutosha. Ili rangi ijaribiwe kweli, ilibidi waiingize Kwihara ndani ya maabara.

Kusema hivyo si kuzitakasa mashine zote. Mashine isiyotunzwa, ambayo brashi zake zimebeba matope ya gari lililotangulia, ni msasa mkubwa unaoendeshwa na mota. Mashine nyingi hutumia tena maji yale yale ili kupunguza gharama, na kichujio kikichoka, mchanga wa jana humwagwa juu ya gari la leo. Mashine isiyogusa gari nayo ina deni lake: dawa yenye alkali kali huondoa nta yote ya juu, na maji yenye msukumo mkubwa yakielekezwa kwa karibu kwenye tundu lililochimbwa na kokoto yaweza kuinua rangi iliyokwisha achana na bamba. Mtu mwenye gari jeusi na muda wa kutosha, akiosha taratibu kwa maji mengi na sponji safi, ataishinda mashine karibu yoyote. Lakini ulinganisho unaofanywa mitaani si huo. Mkono bora hulinganishwa na mashine mbovu, halafu mkono ule wa kawaida, wenye haraka na ndoo moja, hupitishwa bila kuulizwa.

Ndoo hiyo yastahili kutazamwa. Mahali pengi pa kuoshea magari mjini Tabora na kando ya barabara zinazotoka humo, kijana hulipwa kwa gari, si kwa saa wala kwa ndoo. Maji ameyanunua au ameyabeba. Kitambaa ni fulana kuukuu. Kikianguka chini hukung'utwa na kazi kuendelea. Ndoo moja ya lita 20 huanza na gari la kwanza ikiwa maji na humaliza gari la tatu ikiwa uji wa udongo. Mwenye gari amesimama pembeni akiitazama saa, na bei amekwisha ishusha. Siku moja, labda miezi sita baadaye, huiona mikwaruzo.

"Kijana, umenichubulia gari."

"Shikamoo mwalimu. Hiyo mikwaruzo mimi nimeikuta."

Na pengine kijana asema kweli. Pengine imefanywa na mwalimu mwenyewe, kwa kile kitambaa kikavu cha asubuhi. Lakini atakayekatwa malipo ni kijana, kwa kuwa hana namna ya kuthibitisha, na mwalimu ana sauti. Ugomvi mdogo wa namna hii huamuliwa kila wiki bila ushahidi wowote kupimwa, na wanaoamua mara nyingine ni watu wanaofundisha darasani kwamba dai lisilojaribiwa si elimu. Gari hilo mara nyingi ni la mtumba kutoka Japani, limenunuliwa kwa akiba ya miaka, na uchungu wa mwenyewe unaeleweka. Malipo ya kijana kwa siku nzima ni kitu kidogo mbele ya bei ya kupaka rangi upya. Hata hivyo ndiyo mlo wake.

Lipo kosa jingine la hukumu, nalo ni kubwa zaidi. Katika magari mengi yaliyokaa miaka nchini, vanishi ya juu hubambuka, ikaacha mabaka meupe kama ngozi ya nyoka aliyejivua. Husemwa kwamba gari hilo "limeoshwa vibaya." Tazama mabaka hayo yako wapi. Yako juu ya paa na juu ya boneti. Milango ni mizima. Lakini milango huoshwa sawa na paa, pengine zaidi, kwa kuwa ndiyo inayorushiwa matope na ndiyo inayofikika kwa urahisi. Kama uoshaji ungekuwa ndio sababu, milango ingetangulia kubambuka. Kitu kinacholipiga paa kuliko mlango ni jua. Tabora iko kama digrii 5 kusini ya Ikweta, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, na jua husimama utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Miale ya urujuanimno huvunja minyororo ya polima kidogo kidogo. Ndani ya vanishi hutiwa dawa ya kuizuia miale hiyo, na hapo ndipo mambo mawili yanapokutana: kila mwenye gari anapoona mikwaruzo akapeleka kwa fundi isuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, fundi huondoa mikromita kadhaa za vanishi ili kuisawazisha. Gari hung'aa. Kinga dhidi ya jua imepungua, wala hairudi. Ukifanya hivyo kila mwaka, katika koti lenye mikromita 40, hesabu yake haihitaji profesa.

Kwa mikoa ya pwani neno moja latosha: kule chumvi ya hewa huleta kutu, na gari lisilooshwa huliwa chini chini. Kwihara haina chumvi hiyo. Vumbi kavu lililotua juu ya gari, likiachwa lilivyo, halikwaruzi chochote. Aibu ya kuonekana na gari lenye vumbi ndiyo inayolikwaruza. Mambo yasiyofaa kusubiri ni mengine: kinyesi cha ndege na cha popo wanaokula maembe, utomvu wa mti, na yale matone ya manjano ya nyuki, ambayo katika mkoa wa asali kama Tabora hayakosekani. Hivyo vina asidi na vimeng'enya vinavyokula vanishi, hasa bamba likiwa na joto la mchana, na vyapasa kulowekwa na kuondolewa siku ile ile.

Sabuni ya unga ya kufulia haichubui vanishi. Ila ina alkali nyingi, pH yake ikiwa karibu 10, huondoa nta, na ikikaukia juani huacha madoa. Ile desturi ya baadhi ya waoshaji ya kupulizia dizeli chini ya gari na kwenye matairi ili ving'ae ni mbaya bila ubishi, maana mafuta hulainisha mpira na kuuvuta mchanga upya kabla gari halijafika nyumbani.

Utaratibu ulio salama ni wa bei nafuu kiasi cha kushangaza. Ndoo ya kwanza, nzima, imiminwe juu ya gari kutoka paani kabla mkono haujaligusa, na maji yaachwe dakika chache yaulainishe udongo na kuuchukua mchanga. Ndoo ya pili iwe na sabuni, ya tatu iwe ya kusuuzia kitambaa tu. Kitambaa kianzie paani na kuishia chini ya milango, kusiwe na kurudi juu, na kikianguka kioshwe. Gharama iliyoongezeka ni lita 40 za maji. Mwenye gari ndiye anayepaswa kuzilipia, wala si haki kumtaka kijana azitoe katika malipo yaliyokwisha kupunguzwa. Maji machafu yasielekezwe mtoni, jambo ambalo kwa haraka ya kazi husahauliwa.

Shule yoyote yaweza kuliamua suala hili bila maabara. Zichukuliwe rula nne mpya za plastiki angavu. Vumbi la barabara lipepetwe kwa kitambaa chepesi ili kokoto zitoke. Rula ya kwanza inyunyiziwe vumbi na kufutwa kwa kitambaa kikavu mara 20. Ya pili inyunyiziwe vumbi hilo hilo, imwagiwe maji kwanza, ndipo ifutwe kwa kitambaa chenye maji mara 20. Ya tatu isiwekwe vumbi. Ifutwe kwa kitambaa safi kikavu mara 20. Ya nne isiguswe. Kisha darasa litiwe giza, tochi iwashwe upande mmoja, na wanafunzi wasioambiwa ni rula ipi iliyofanywa nini wazipange kuanzia iliyokwaruzika zaidi. Ya tatu ndiyo ya kutazamwa kwa makini kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayosema kama kitambaa peke yake kina hatia. Kiasi kidogo cha vumbi hilo kitiwe katika chupa ya maji, kitikiswe na kuachwa kitulie. Udongo utabaki ukielea, na kitakachotua chini upesi kisuguliwe juu ya kipande cha kioo. Sauti yake itasikika hadi dawati la nyuma.